Kutunza skuta kwa mikono yako: oili, mkanda, breki, plagi na usafi

Pikipiki ya kawaida haimfichi mwenyewe kitu. Mnyororo ukilegea unauona ukining'inia, injini ikivuja unaona vyuma vimelowa. Skuta imevikwa plastiki kuanzia kifuani hadi mkiani, na nguvu ya injini inalifikia gurudumu la nyuma kupitia mkanda wa mpira uliofungiwa ndani ya boksi, mara nyingi upande wa kushoto. Mtu anaweza kuiendesha mwaka mzima asione chochote zaidi ya kiti, taa na matairi. Ndiyo maana skuta nyingi huchakaa zikiwa bado changa: hakuna aliyechungulia ndani.

Hapa nazungumzia skuta ya petroli isiyobadilishwa gia, yenye injini ya mipigo minne, yaani ile isiyochanganyiwa oili kwenye petroli. Vipimo nitakavyotaja ni vya jumla. Kitabu cha skuta yako kikisema vingine, fuata kitabu.

Kabla ya kushika spana

Huhitaji gereji nzima. Tafuta spana za namba 8, 10, 12, 14 na 17, bisibisi ya nyota na ya bapa, spana ya plagi, geji ya upepo, beseni pana, faneli, kikombe chenye alama za mililita, na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano yake. Utaliona lina kazi gani tukifika kwenye oili ya gia. Ongeza matambara safi na glavu.

Simamisha skuta kwa stendi ya kati, juu ya sakafu iliyonyooka, na ufunguo utoe. Kazi inayotaka injini iwake ifanyie nje, kwa sababu moshi una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua ndani ya chumba kilichofungwa. Jambo jingine ambalo wageni wa skuta hawalijui: ikiwa kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma liko hewani, na ukivuta mafuta linazunguka kwa kasi. Mtoto asisogee hapo. Wala usiisukume mbele ikaruka kutoka kwenye stendi wakati injini inanguruma kwa nguvu, maana itaondoka bila wewe. Daima minya breki ya nyuma kwanza, ndipo uwashe.

Oili ya injini

Hapa ndipo nakuomba uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Injini ya skuta ya cc 125 kwa kawaida hubeba oili isiyofika lita moja, mara nyingi kati ya lita 0.7 na 0.9. Gari dogo hubeba kama lita nne. Kwa hiyo skuta ikipoteza mililita 200, kiasi cha kikombe kimoja cha chai, karibu robo ya oili yote imekwenda, na iliyobaki inafanya kazi ya yote huku ikipata moto zaidi. Nyingi hazina hata filta ya oili ya karatasi, zina wavu mdogo wa chuma tu.

Basi ikague kila wiki. Acha injini ingurume dakika tatu, zima, subiri dakika nyingine tatu oili iteremke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena usome. Angalia hapa: skuta nyingi hutaka kijiti kikae tu juu ya nyuzi za tundu bila kuzungushwa. Ukikikaza kinazama zaidi, nacho kitakuonyesha oili nyingi kuliko iliyomo. Watu huendesha na injini yenye kiu huku wakiamini imejaa, kwa kosa hilo moja.

Kununua oili, tazama mambo mawili kwenye kopo. La kwanza ni uzito wake, ambao kwa skuta nyingi ni 10W-30 au 10W-40. La pili ni alama ya JASO, kipimo cha Kijapani cha oili za pikipiki. MA imetengenezwa kwa pikipiki ambazo klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini. MB ni nyepesi kwa msuguano na inafaa skuta, kwa kuwa klachi ya skuta ni kavu, iko kwenye boksi la mkanda. Ukipata MA pekee haitadhuru skuta. MB kwenye pikipiki ya klachi ya oili ndiyo huleta klachi kuteleza.

Skuta mpya hubadilishwa oili ya kwanza mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, ili chembe za chuma za injini mpya zitoke. Baada ya hapo wengi hubadilisha kila kilomita 2,000 hadi 3,000. Safari fupi fupi za kusimama na kuondoka, pamoja na vumbi, ni sababu ya kushika namba ya chini.

1. Pasha injini moto kidogo, kisha zima. Oili vuguvugu hutoka upesi na kubeba uchafu. Ya moto sana itakuunguza.
2. Toa kijiti cha kupimia ili hewa iingie, weka beseni chini.
3. Legeza bolti ya kumwagia kwa spana, umalizie kwa vidole huku ukiisukuma juu kidogo, kisha uivute pembeni kwa mara moja. Mkono hautaoga oili.
4. Kama skuta yako ina kifuniko cha wavu, kifungue polepole sana. Nyuma yake kuna springi inayosukuma.
5. Osha wavu kwa petroli kidogo, mbali na moto, uukague dhidi ya mwanga. Unga mweusi ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa si vya kawaida.
6. Futa sehemu zote, weka washa mpya (kipete cha kuzuia uvujaji) kwenye bolti, rudisha wavu, springi na kifuniko, kaza. Kaza kwa kiasi: bolti inaingia kwenye aluminiamu, na nyuzi za aluminiamu huliwa kirahisi.
7. Mimina oili mpya kwa kipimo, washa dakika mbili, zima, subiri, pima kwa kijiti.

Hiyo springi ya hatua ya nne iliwahi kunirukia ndani ya beseni, nami sikuiona. Nilifunga kila kitu, nikamimina oili mpya, nikaiwasha. Nilipokuwa nahamishia oili chafu kwenye dumu ndipo nikasikia kitu kikigonga mdomo wa faneli. Nikaitoa, nyeusi, ndogo kuliko kidole gumba, na nikamwaga oili safi yote kuanza upya. Bila springi ile wavu unacheza ndani na uchafu unapita pembeni yake moja kwa moja kuelekea pampu. Tangu siku hiyo naweka tambara jeupe pembeni na kupanga juu yake kila kilichotoka kwa mpangilio wa kutoka. Sifungi mpaka tambara liwe tupu.

Oili chafu itie kwenye chombo chenye kifuniko uipeleke inakokusanywa. Usiimwage ardhini wala kwenye mtaro.

Oili ya gia, inayosahaulika

Karibu na gurudumu la nyuma kuna boksi dogo la gia lenye oili yake yenyewe, mbali kabisa na ile ya injini. Ni kidogo mno, kwa kawaida mililita 80 hadi 120, mara nyingi ya aina ya SAE 80W-90. Kwa kuwa haina kijiti wala taa ya kuonya, kuna skuta zinazomaliza maisha yake na oili ya kiwandani. Ikiisha, gia huanza kupiga mluzi unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na ukishausikia, meno yameshaanza kulika.

Ibadilishe kila kilomita 8,000 hadi 10,000 au mara moja kwa mwaka. Kuna bolti mbili: ya juu ya kujazia, ya chini ya kumwagia. Fungua ya juu kwanza, siku zote. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikakataa kufunguka kwa kutu, utabaki na skuta isiyo na oili na isiyoweza kutiwa nyingine. Oili nzito hii haiingii kwa faneli kwenye tundu la pembeni, ndiyo maana nilikuambia utafute bomba la sindano: vuta kiasi kilichoandikwa, ingiza taratibu, funga.

Mkanda

Mkanda unazunguka kati ya puli mbili. Ndani ya puli ya mbele mna rola, mara nyingi sita, na injini ikizunguka kwa kasi rola hizo hutupwa nje na kuubana mkanda hadi upande juu ya puli. Hivyo ndivyo skuta inavyojibadilishia gia yenyewe. Puli ya nyuma imebeba klachi inayoshika yenyewe injini ikiongeza mzunguko.

Ukijua hilo, dalili zinasomeka. Injini inalia sana lakini mwendo hauji: mkanda umekonda au unateleza. Skuta inatetemeka inapoondoka: klachi imejaa vumbi au imelika. Kuna mtikisiko mwendo mmoja maalumu, juu na chini yake shwari: huenda rola zimepata ubapa. Harufu ya mpira ulioungua haihitaji maelezo.

Skuta nyingi hutaka mkanda mpya kati ya kilomita 15,000 na 25,000, lakini fungua uuangalie kwenye 10,000. Kifuniko cha boksi kina bolti nyingi za namba 8 zenye urefu tofauti. Chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi la karatasi, toboa matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake. Bolti ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi itapasua kifuniko.

Ndani, ukunje mkanda kidogo kwa vidole utazame katikati ya meno. Nyufa, nyuzi zilizochomoza pembeni, au upana uliopungua chini ya kiwango cha kitabu, vyote vinamaanisha mkanda umekwisha. Vumbi jeusi lifute kwa tambara lenye unyevu huku umeziba pua. Usilipulize, maana lina chembe za klachi. Nyuso za puli zisiguswe na mkono wenye grisi. Kama mna oili ndani, mkanda mpya pekee hautakusaidia, sili (mpira wa kuzuia oili isipenye) inavuja na lazima itafutwe.

Kuufungua mkanda wenyewe mwachie fundi kama huna kifaa cha kuzuia puli isizunguke na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Nimeona puli zilizovunjwa mapezi kwa sababu mtu alichomeka bisibisi ili kuizuia. Pezi likikatika, upepo wa kupoza mkanda unapungua na puli inapoteza uwiano.

Filta ya hewa na plagi

Filta usiioshe kabla hujaitambua. Ya sponji huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa tena. Ya karatasi kavu hukung'utwa au kupulizwa polepole kutoka ndani kwenda nje. Iguse: kama karatasi inanata, imelowekwa oili kiwandani, na hiyo haioshwi wala haipulizwi, inabadilishwa. Chini ya boksi la filta kuna mpira mdogo wenye kizibo. Ukiona maji au oili ndani yake, uchomoe kizibo vitoke.

Plagi ifungue injini ikiwa baridi, baada ya kupiga mswaki kuzunguka tundu ili mchanga usidondokee ndani. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni afya njema. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi au filta iliyoziba. Ikiwa imelowa oili, pete za pistoni au sili za valvu zinapitisha. Nyeupe kama chokaa maana yake injini inapata moto kupita kiasi. Nafasi ya ncha huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8. Irudishe kwa vidole vitupu mpaka ikae. Ikigoma mapema, itoe uanze tena, usiilazimishe kwa spana. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa huongezwa nusu mzunguko, ya zamani kidogo tu.

Breki

Nyuma ya skuta nyingi kuna breki ya dramu, ambayo hurekebishwa kwa nati iliyo mwisho wa waya, karibu na gurudumu. Mkono wa breki uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haujaanza kushika. Zungusha nati nusu mzunguko, jaribu, zungusha tena. Ukimaliza, gurudumu lizunguke bila kukwaruza, la sivyo breki itakaa imeshika barabarani na kupata moto. Tazama pia mshale mdogo kwenye mkono wa dramu: ukifika kwenye alama huku umeminya breki, viatu vya breki vimeisha, na kuendelea kukaza waya ni kujidanganya.

Breki ya diski, chungulia pedi kwa tochi. Zikibaki milimita 2, nunua nyingine. Kiwango cha mafuta ya breki kwenye kidirisha hushuka kidogo kidogo pedi zinapolika, kwa hiyo kabla ya kuongeza, angalia pedi. Aina ya mafuta, DOT 3 au DOT 4, imeandikwa kwenye kifuniko. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo sababu hubadilishwa kila miaka miwili hata kama hayajapungua, na kopo lililokaa wazi muda mrefu halifai. Yakidondokea rangi, mwagia maji mara moja, maana yanaila.

Ukiminya mkono ukahisi kama unaminya sponji, kuna hewa kwenye bomba. Mkono wa breki ukifika hadi kugusa usukani, skuta hiyo haiendeshwi, hata hadi kwa fundi. Isukume.

Matairi

Pima upepo tairi likiwa baridi. Namba zimebandikwa kwenye skuta; kwa kawaida la mbele hupata psi 22 hadi 29 na la nyuma 28 hadi 36. Magurudumu ya skuta ni madogo, mengi ya inchi 10 au 12, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita na upepo mdogo huyamaliza haraka. Mifereji ikishuka hadi milimita 1.6, badilisha kabla hayajawa kipara. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lisilo na tyubu likipata pancha kwenye sehemu inayokanyaga, huzibwa kwa kamba ya mpira. Tundu la ubavuni halizibwi.

Ikigoma kuwaka

Usianze kufungua. Je, umeminya breki? Skuta nyingi haziwaki kwa batani bila hiyo. Stendi ya pembeni iko juu? Swichi ya kuzima injini? Petroli ipo?

Kama inatoa tiki-tiki tu, betri imechoka. Betri nzima ya volti 12 husoma karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikiwa chini ya 12 ichaji. Injini ikiwaka na kuvutwa mafuta, isome kati ya 13.5 na 14.5; isipofika, tatizo liko kwenye mfumo wa kuchaji. Kufungua betri anza na waya wa hasi, kufunga anza na wa chanya. Fyuzi iliyoungua iweke nyingine ya ampea zilezile. Waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni mwanzo wa moto chini ya kiti, juu kidogo tu ya petroli.

Starta ikizunguka vizuri lakini haiwaki, na skuta ina kabureta, fikiria petroli iliyolala. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ilegeze injini ikiwa baridi, kinga kwa kikombe. Kikitoka kimiminika cha njano iliyoiva chenye harufu ya varnishi, jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli, zimeziba na kabureta itaoshwa.

Kuosha

Kuosha ni ukaguzi pia. Ukipitisha mkono kila mahali, ndipo unapokuta bolti iliyolegea na waya ulioanza kuchubuka.

Subiri injini ipoe. Maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua. Ziba mdomo wa ekzosi kwa mfuko wa plastiki. Lowesha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, matope yalainike kwanza, maana tambara juu ya mchanga mkavu hukwaruza rangi. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya magari na nyingine ya kusuuzia tambara, ukishuka kutoka juu kwenda chini. Chini ya madigadi piga brashi kwa subira: tope linalokaa hapo hushika unyevu na kuanzisha kutu mahali usipopaona.

Mashine ya maji ya nguvu iweke mbali na beringi za magurudumu, mdomo wa kuingizia hewa kwenye boksi la mkanda, boksi la filta, na tundu la ufunguo. Maji yakiingia kwenye boksi la mkanda, skuta italia bila kutembea hadi likauke.

Kausha, toa mfuko kwenye ekzosi, washa dakika tano, kisha endesha polepole ukigusa breki mara kadhaa zikauke. Tone la oili liguse egemeo za mikono ya breki na stendi, lisiguse diski. Vipaka vya kung'arisha visipite kwenye kiti, mahali pa kuweka miguu, wala sehemu ya tairi inayokanyaga.

Ikikaa zaidi ya mwezi

Jaza tangi ili lisipate kutu ndani, mwaga petroli ya bakuli la kabureta, toa betri uichaji mara moja kwa mwezi. Iache kwenye stendi ya kati, imefunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki hufungia jasho. Ukiirudisha barabarani, anza na upepo, oili na breki kabla hujagusa batani.